Aliyoyaona, Aliyoambiwa, Aliyoyasoma

Vifaa vyake vyote vinaenea kwenye mkoba mmoja wa kitambaa: kaunta buku la jalada gumu, kalamu mbili za bluu, penseli iliyochongwa pande zote mbili, boksi la penseli za rangi, kalenda ya ukutani iliyokunjwa mara nne, na chupa ya maji, maana Dodoma ya Agosti ina upepo unaokausha koo kabla hujamaliza salamu. Yeye ni afisa ustawi wa jamii. Wazazi wakitengana na suala la watoto likafika mahakamani, yeye ndiye anayetumwa kuchunguza, kuandika taarifa, na kupendekeza watoto wakae wapi, na nani, siku zipi, mpaka shauri lisikilizwe na kuamuliwa.

Huo muda wa “mpaka” ndio ulionivuta. Hukumu ikitoka watu huijadili mtaa mzima, lakini miezi ya kuisubiri haina msimulizi, na mtoto huishi ndani ya miezi hiyo. Anakula, anaugua, anapoteza viatu, anaingia darasa jipya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto. Inachukulia kwamba aliye chini ya miaka saba ni vyema awe na mama yake, isipokuwa ikithibitika vinginevyo, na papo hapo inaitaka mahakama izingatie ubaya wa kumhamisha-hamisha mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inataja mwendelezo wa malezi. Kwa hiyo mpango wa muda una nguvu kuliko jina lake: mtoto aliyekaa upande mmoja tangu kufunguliwa kwa shauri, siku ya kusikilizwa atakuwa na shule huko, marafiki huko, kitanda huko. Dodoma inajengwa kila kona, na kila mkazi ameona mirunda iliyosimamishwa chini ya zege bichi. Kazi yake ni kubeba uzito wote bila kuacha alama kwenye dari. Afisa huyu anajenga kitu cha namna hiyo, na nilitaka kuona anavyokijenga.

Wazazi walikubali nifuatane naye, isipokuwa alipozungumza na watoto. Mitaa nimeibadilisha, na majina hayamo.

Faili lilikuwa limepitia njia yake. Baraza la Usuluhishi wa Ndoa lilikuwa limekaa na wanandoa, likashindwa kuwapatanisha na kutoa hati ya kuthibitisha hivyo, ambayo bila hiyo talaka kwa kawaida haifunguliwi. Kisha yakaja maombi ya amri ya muda kuhusu watoto, na hati za kiapo za pande mbili. Anazisoma mara mbili. Mara ya kwanza kalamu iko mezani, mikono imekunjwa. Mara ya pili anashika penseli na kupigia mstari kila mahali watoto wanapotajwa. Nilimwona akigeuza ukurasa, kisha mwingine, penseli ikiwa imesimama hewani. Kurasa mbili nzima zilikuwa za deni la kiwanja, maneno ya mawifi na simu zisizopokelewa, mtoto hayumo. Hakutikisa kichwa wala hakutoa neno. Pembeni aliandika tu maswali: mdogo analala saa ngapi? Nani anajua dawa ya pumu? Njia ya shule?

Mama anaishi chumba na sebule Nkuhungu, anauza vitenge. Ni mwenyeji wa Kondoa, Mwislamu. Baba ni Mgogo wa upande wa Hombolo, Mwanglikana, mkulima wa zabibu. Watoto ni wawili, wa miaka tisa na mitano, na waliishi na wazazi wote wawili mjini hadi nyumba ilipovunjika.

Kila mzazi alikuja ofisini siku yake. Swali la kwanza lilikuwa lile lile kwa wote wawili, na lilisemwa kwa sauti ile ile: “Nieleze Jumanne iliyopita, mama, tangu watoto walipoamka.” Baadaye nilimuuliza kwa nini Jumanne. Akasema watu huja na majibu ya Jumapili, siku ya nguo safi na pilau, lakini Jumanne hakuna aliyeiandaa. Mama aliianza vizuri, akakwama kwenye saa za jioni anapokuwa sokoni, akakiri kwamba jirani ndiye huwapa watoto uji. Baba alijua mtoto mkubwa anaogopa hesabu za kugawanya, lakini hakujua jina la mwalimu wake. Afisa aliandika yote bila kubadili uso. Mtu akianza kumshitaki mwenzake, alimwacha amalize, kisha akamrudisha taratibu: “Sawa, baba. Na watoto hapo walikuwa wapi?”

Kutembelea nyumba ni hatua ndefu zaidi. Nkuhungu tulikwenda kwa daladala, alfajiri, kwa sababu alitaka kutembea njia ya shule saa ile ile ambayo watoto huitembea. Aliihesabu kwa dakika, akaandika mahali pa kuvuka barabara. Ndani hakupekua. Aliomba kuonyeshwa: wanapolala, chandarua, ndoo ya maji ya kunywa, choo wanachochangia na wapangaji, mahali dawa inapowekwa. Dawa ya pumu ilikuwa juu ya kabati, mkono wa mtoto haufiki na mkono wa jirani unafika. Akaiandika. Rejista ya mahudhurio shuleni aliisoma akiwa amesimama, kidole kikishuka kwenye mstari wa jina moja, wiki baada ya wiki. Mwalimu wa darasa alimweleza kwamba mtoto amekuwa kimya Jumatatu. Afisa akauliza: kila Jumatatu, au zile baada ya kutoka kwa baba? Mwalimu akafikiri. Kila Jumatatu, akasema, hata ya wiki ambazo hakwenda.

Hombolo tulifika kwa pikipiki. Babu wa watoto alitupokea nje ya tembe, kwenye kivuli, na afisa akaanza kwa “Mbukwenyi”, salamu ya Kigogo, kabla ya shikamoo, kisha akakaa kwenye kigoda alichopewa, na karibu nusu saa ilipita wakizungumzia mvua na mtama bila kaunta buku kutoka mkobani. Lilipotoka, mzee alisema alichokuwa akisubiri kusema: ng'ombe walitoka kwenye zizi hili, watoto ni wa ukoo huu. Kauli hiyo ina historia nzito. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 liliandika, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, kwamba watoto ni wa baba. Sheria ya Ndoa, miaka minane baadaye, iliziweka mila kuwa mojawapo ya mambo ya kuzingatiwa, zikitanguliwa na ustawi wa mtoto. Afisa hakumsomea mzee vifungu. Aliandika maneno yake kama yalivyo, akamsomea ayasikie, akauliza kama kuna lililoachwa. Mzee akaongeza jambo moja: mjukuu mkubwa anajua kufunga ndama na mdogo anaogopa mbwa. Hilo nalo likaingia.

Na siku ya watoto nilibaki koridoni. Alichoniambia baadaye, bila lolote la kuwatambulisha, ni namna anavyofanya. Anatandika mkeka, anavua viatu, anakaa chini. Penseli za rangi anazimwaga katikati, naye anachora pia, vibaya, ili mtoto asione aibu ya mchoro wake. Hamuulizi mtoto hata siku moja anampenda nani zaidi au anataka kukaa na nani. Anauliza nani humwamsha. Nani anajua anapenda mlenda mzito au mwepesi. Kandambili zake ziko nyumba gani. Akiota vibaya usiku anamwita nani. Sheria ya Mtoto inataka maoni ya mtoto yasikilizwe kama ameyatoa kwa uhuru wake, na kuupima uhuru huo ni kazi ya sikio. Mtoto wa miaka tisa anayesema “baba hatoi matunzo” ameazima sentensi. Akisema “kwa babu usiku kuna giza lakini nyota nyingi”, hiyo ni yake. Afisa huandika zote mbili, na mbele ya ile ya kwanza huandika kwamba maneno ni ya watu wazima.

Kisha anarudi mezani, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi nikimtazama.

Anafungua kaunta buku na kupitia kila mstari kwa penseli, akiweka herufi moja pembeni. O ni alichoona kwa macho yake. A ni alichoambiwa, na chini yake nani alimwambia. S ni alichosoma, na kwenye karatasi ipi. Mstari usiopata herufi haupandi kwenye taarifa, hata ukiwa mzuri namna gani. Nilimwona akikwama kwenye sentensi yake mwenyewe: “Baba ana upendo mkubwa kwa watoto.” Penseli ikazunguka. Si O, maana upendo hauonekani. Si A, hakuna aliyemwambia kwa maneno hayo. Akaikata, akaandika badala yake kwamba mtoto mdogo alipomwona baba alikimbia kumpokea, na kwamba baba alikuwa ameziba kwa matofali pengo la ua alilokuwa akipitia mbwa. O, na O. Sentensi ile ya kwanza ingepita masikioni mwa hakimu bila kushika. Hizi mbili zinabaki, na wakili wa upande wowote akizivuta hazikatiki. (Simulizi hii ya mkeka na penseli za rangi, kwa kanuni yake, ningeiwekea A.)

Anaandika kwa Kiswahili chepesi. Mwaka 2021 Bunge, hapa hapa Dodoma, lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na yeye amelichukulia hilo kwa uzito wake wote: taarifa inayohusu watoto wa mama muuza vitenge lazima mama huyo aweze kuisoma mwenyewe, aya kwa aya, bila mtu wa kumtafsiria. Kila aya ina namba. Maneno “mzazi bora” hayamo. “Mzazi mzembe” hayamo.

Sehemu ya matunzo aliimaliza upesi kwa kuwa hesabu alikuwa nazo. Zamani sheria ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, na ukomo huo ulibaki kitabuni mpaka sheria ya 2009 ilipoifuta. Sasa mahakama hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili na gharama za maisha za mahali husika. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mkulima ana fedha kwa miezi michache na ukame wa mfuko kwa iliyobaki. Afisa alipendekeza kiasi kidogo kila mwezi, na nyongeza baada ya kila mavuno, sare na madaftari vikinunuliwa kutokana na nyongeza hiyo. Baba anayeagizwa alipe Mei kiasi ambacho hana huanza kukwepa simu, na anayekwepa simu huanza kukwepa watoto.

Ratiba yenyewe aliijenga juu ya kalenda iliyotandazwa mezani, pembe zake zikikandamizwa kwa stepla na chupa ya maji. Watoto wasitenganishwe, hilo aliliweka kwanza. Siku za shule wakae Nkuhungu. Wiki moja ndani ya mbili waende Hombolo, Ijumaa hadi Jumapili. Mpaka hapo mtu yeyote angeweza. Ufundi ulianza kwenye makabidhiano. Mlangoni kwa mama, hapana, kwa kuwa mlangoni ndipo ugomvi wa mwisho ulipotokea. Ijumaa baba awachukue getini shuleni, mbele ya mwalimu wa zamu. Jumapili awarudishe kwa shangazi yao Chang'ombe, anayeaminiwa na pande zote, kabla ya saa 11 jioni, na mama awafuate saa 12. Ile saa moja katikati aliiacha wazi kwa makusudi: wazazi hawalazimiki kuonana, na gari likichelewa hakuna aliyevunja amri.

Mvua zinapoanza Desemba, korongo la njiani hujaa. Kipengele: njia ikikatika, baba atawaona watoto kwa shangazi, na siku zilizopotea zitafidiwa wiki inayofuata. Dawa ya pumu na kadi ya kliniki visafiri ndani ya begi la mtoto, visikae nyumba yoyote. Simu ya baba iwe Jumanne na Alhamisi saa 1 usiku, mtoto ashike simu mwenyewe. Krismasi kwa baba. Idd kwa mama, na hapa penseli ilisimama tena, kwa kuwa Idd hutangazwa usiku wa kuamkia baada ya mwezi kuandama, na watoto wanaweza kuwa Hombolo tangazo likitoka. Alikaa nayo. Akaandika kwamba Ramadhani ikifika siku ya 28, watoto wawe Nkuhungu bila kusubiri tangazo, na baba apewe siku hizo baadaye.

Nilimuuliza kuhusu dini, maana kila upande ulikuwa umeiandika kwenye kiapo. Akasema hiyo ni ya hakimu, kwenye shauri lenyewe. Mpango wa muda hauanzishi madrasa mpya wala ubatizo. Waliyokuwa wakiyafanya nyumba ilipokuwa moja waendelee nayo. Naamini hapa ndipo ustadi wake ulipo mkubwa kuliko kote: anajua ni kitu gani hatakiwi kukigusa.

Mama hakuwa na wakili. Msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, alikaa naye katika chumba cha pili, na nilipita kutazama. Walikuwa wametandaza vielelezo sakafuni kwa tarehe: risiti, ujumbe wa miamala ya simu uliochapishwa, daftari la kliniki, vyeti vya kuzaliwa. Msaidizi alikuwa akimfundisha kujibu swali lililoulizwa tu. “Ulimpeleka hospitali lini?” Mama akaanza kueleza baba alikuwa wapi siku hiyo. “Lini, dada?” Akataja tarehe. Wakaendelea hivyo, bila haraka, na kila risiti ikapata namba yake na sentensi moja ya kuielezea.

Afisa naye alikuwa akijiandaa, kwa kuwa anaweza kuulizwa maswali juu ya taarifa yake. Alijiuliza mwenyewe kwa sauti ya chini, aya kwa aya, kwa niaba ya kila upande. Aya ya tisa: ulijuaje kwamba jirani hufikia dawa? Alifungua kaunta buku, akatafuta ukurasa, akaweka kipande cha karatasi. Aya ya kumi na nne ilimfanya apige simu shuleni, kuhakikisha zile Jumatatu.

Mahakama ya Watoto hukaa faragha, kwa hiyo nilisubiri nje. Sheria inamtaka hakimu apate, inapowezekana, ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa ustawi wa watoto, lakini haimfungi kuufuata, na siku ile hakimu alibadilisha jambo moja: simu ya baba iwe mara tatu kwa wiki, si mbili. Mengine yalipita kuwa amri ya muda, shauri likapangiwa tarehe ya kusikilizwa. Afisa alitoka, akakaa kwenye benchi, akaandika badiliko lile kwa wino kwenye nakala zote, akasaini pembeni, kisha akawaita wazazi mmoja mmoja na kuwapitisha kwenye kalenda kwa kidole, tarehe kwa tarehe. Mama aliuliza juu ya likizo ya Juni. Baba alisikiliza yote, akaikunja nakala yake, akaifungua tena.

“Na sikukuu kama Nyerere Day, ikiangukia Jumatatu nikiwa nao?”

“Imo, baba. Kipengele cha sita. Unawarudisha Jumatatu jioni.”

Akakitafuta kipengele cha sita, akakisoma, akaomba kalamu.